Makocha wa vyuo wanamgombania mwanangu: tumsikilize nani?

Mama mmoja wa Des Moines, jimbo la Iowa, ameniuliza hivi:

"Sisi ni Wakongo, tulikuja Marekani tukitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwanangu ana miaka 17, yuko darasa la 11, ana futi 6 na inchi 5 na uzito wa paundi 295. Anacheza futiboli ya Kimarekani, ni mmoja wa wale wanaosukumana pale mbele. Tangu mwaka jana makocha wa vyuo wanapiga simu, wanakuja shuleni, wengine wamefika mpaka nyumbani. Ana ofa tisa. Mmoja anasema tusipokubali kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ataipata mwingine. Baba yake anataka tuwafuate wanaotoa pesa nyingi. Kuna na kijana wa kanisani kwetu ameleta mkataba, anataka awe wakala wake. Mimi hata mchezo wenyewe siujui. Tufanye nini? Na je, si utovu wa adabu kuwaweka watu wazima wakisubiri jibu la mtoto?"

Mama, hongera, na pole pia, maana najua simu hizo hazijali saa ya chakula wala saa ya sala. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za chuo zinazosimamia masomo ya wanamichezo. Makocha wanatuletea majina, sisi tunafungua mafaili na kuona kama kijana anaweza kuruhusiwa kucheza. Basi usishangae nikikujibu kwa jicho la mtu wa mafaili. Na nikwambie mapema: katika yote uliyoandika, kilichonishtua si yule kocha mwenye haraka. Ni Nyarugusu. Nitafika huko.

Kwanza ujue kwa nini wanamtaka, kwa sababu asiyejua thamani ya alichonacho hutishwa na kila mnunuzi. Timu inapokuwa na mpira, watu watano hujipanga mstari mbele yake. Wa katikati ndiye anayeutoa mpira nyuma, wawili wako ubavuni mwake, na wawili wako pembeni kabisa. Hawabebi mpira, na jina lao hutajwa redioni mara nyingi wakikosea. Kazi yao ni kufungua njia na kumkinga kwotabeki, yule anayerusha, asivunjwe mbavu. Wa pembeni anatakiwa awe mrefu, awe na mikono mirefu, na juu ya uzito wote huo awe na miguu myepesi ya kurudi nyuma haraka bila kujikwaa. Uzito kocha anauongeza kwa chakula, na nguvu kwa vyuma. Mikono mirefu hakuna anayeweza kuifundisha. Ndiyo maana kijana wa umbo hilo mwenye miguu inayocheza hupigiwa simu na nusu ya nchi.

Hapo Iowa mnakaa penyewe. Chuo Kikuu cha Iowa, ambacho Kirk Ferentz alianza kukifundisha kama kocha mkuu msimu wa 1999, kimejijengea jina kwa wachezaji hawa hasa. Tristan Wirfs alitoka Mount Vernon, mji mdogo wa jimbo lenu. Shuleni alicheza mieleka, akarusha tufe na kisahani, kisha akaichezea Iowa, na mwaka 2020 Tampa Bay Buccaneers wakamchagua wa 13 kwenye uteuzi wa NFL, ligi kuu ya wanaocheza kwa kulipwa. Tyler Linderbaum wa Solon, hukohuko Iowa, alisajiliwa kama mchezaji wa upande wa ulinzi. Walimhamishia katikati ya mstari, na mwaka 2022 Baltimore Ravens wakamchagua wa 25. Nakutajia hawa si kwa sababu nataka mwanao aende Iowa. Nataka uone kwamba kocha wa safu ya mbele, yule mmoja anayefundisha watu hao watano kila siku, ana uzito kuliko ukubwa wa uwanja na rangi za jezi. Kocha mkuu ndiye anayekuja nyumbani na kuketi kwenye kochi lenu. Huyu mwingine ndiye atakayekuwa na mtoto wako uwanjani na kwenye vikao vya video wiki nzima.

Na safu ya mbele ni kazi ya kuiva polepole. Kijana wa miaka 18 akikutana na mwanamume wa miaka 22 mwenye paundi 310 anapigwa chini, hata awe hodari vipi. Wengi hukaa nje mwaka wa kwanza wakijenga mwili; tangu 2018 kanuni inamruhusu mchezaji kucheza hadi mechi nne bila kuhesabiwa kwamba ametumia mwaka wake wa mashindano. Kwa hiyo anayemsajili mwanao anamsajili kwa ajili ya miaka miwili au mitatu ijayo, na swali linalofuata ni chungu: nani atakuwepo wakati huo?

Hakuna awezaye kukuhakikishia. Kelvin Banks, kijana wa Humble karibu na Houston, alikuwa amewaahidi Oregon. Desemba 2021 kocha mkuu wa Oregon, Mario Cristobal, akahamia Miami. Siku chache baadaye Banks akasaini Texas. Mwaka 2024 alishinda tuzo ya Outland wanayopewa watu wa mstari wa mbele, na 2025 New Orleans Saints wakamchagua wa 9. Karibu zaidi na kwenu kuna Kadyn Proctor, aliyesoma Southeast Polk, Pleasant Hill, hapo mlangoni mwa Des Moines. Aliwaahidi Iowa, na jimbo zima likashangilia. Desemba 2022, siku za kusaini, akaenda Alabama. Januari 2024 kocha mkuu wa Alabama, Nick Saban, akastaafu, Proctor akarudi Iowa. Machi mwaka huohuo, kabla hajacheza hata mechi moja kwao, akarejea Alabama. Majirani zako bado wana maneno naye. Mimi sina. Wazee wetu walisema ahadi ni deni, lakini katika biashara hii makocha wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kutolipa.

Sasa hizo ofa tisa. Ofa, katika lugha ya makocha, maana yake inaweza kuwa "tunakutaka, njoo hata leo", na inaweza kuwa "tunakupenda, lakini tuna watu sita tunaowapenda zaidi, tukiwakosa tutakupigia". Zote mbili hutamkwa kwa tabasamu lilelile. Chuo hakiruhusiwi kumpa kijana ofa ya maandishi ya ufadhili kabla ya tarehe 1 Agosti anapoingia darasa la 12. Kabla ya hapo yote ni mdomo. Ile hati ya zamani ya kujifunga na chuo, iliyokuwa maarufu sana, ilifutwa Oktoba 2024; siku hizi kijana anasaini moja kwa moja mkataba wa ufadhili na chuo, na wengi katika futiboli husaini mwanzoni mwa Desemba wakiwa darasa la 12, wengine Februari.

Namna ya kuipima ofa ni swali moja, na mwanao aliulize mwenyewe kwa simu, wewe ukiwa umekaa pembeni: "Kocha, nikikubali sasa hivi, unanipokea?" Akisema ndiyo bila kumeza mate, hiyo ni ofa. Akianza kueleza jinsi wanavyofurahi kujenga uhusiano, wanavyotaka mje kambi yao ya mazoezi ya kiangazi kwanza, mmeshajua. Naamini ukifanya hivyo kwa wote tisa, zitabaki nne au tano.

Kuhusu huyo wa mwisho wa mwezi: huenda hasemi uongo. Chuo huchukua watu wachache tu wa safu ya mbele kila mwaka, na vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye kikosi. Nafasi kweli huisha. Lakini mwenye kipaji cha juu kabisa husubiriwa. Josh Conerly wa Seattle alikuwa mmoja wa vijana wa safu ya mbele waliotafutwa sana nchini. Wenzake walisaini Desemba 2021 na Februari 2022, yeye akatangaza Oregon mwezi Aprili 2022, na 2025 Washington Commanders wakamchagua wa 29. Mwanao yuko daraja hilo? Kwa barua sijui, ila kocha wake wa shule anajua, na mwambie akupe jibu kavu, asikufurahishe. Kama yuko kundi la pili, tarehe ya kocha ina meno kiasi. Hata hivyo mimi nisingekubali chuo ambacho mtoto hajalala hata usiku mmoja.

Kulala huko hakuwagharimu. Futiboli inaruhusu ziara rasmi kuanzia tarehe 1 Aprili ya darasa la 11. Chuo hulipa usafiri, hoteli na chakula, na kinaweza kuwalipia nauli wazazi wawili. Zamani kijana alikuwa na ziara tano tu. Tangu Julai 2023 kikomo hicho kimeondolewa, ingawa kila chuo kwa kawaida ni mara moja. Mwambie huyo kocha: tutakuja kwako kwanza, tupe wikiendi. Akikataa hata hilo, amekujibu.

Haya, Nyarugusu.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kina saa yake. Saa hiyo inaanza siku mtoto anapoanza darasa la tisa, popote duniani. Kuanzia hapo ana miaka minne, semista nane, za kukamilisha masomo 16 wanayoyaita ya msingi. Mtoto aliyezaliwa Des Moines hata hajui kama saa hiyo ipo. Wetu ndio wanaokwama. Wanafika wakiwa na miaka 14 au 15, Kiingereza hakijakaa sawa, shule inawarudisha darasa moja au mawili. Ni uamuzi wa huruma, na mara nyingi ni wa busara. Lakini kama mtoto alishaanza darasa la tisa kabla ya kupanda ndege, basi kwa NCAA anaporudia la tisa hapa saa inaendelea kutembea, na masomo anayofanya mwaka wa mwisho yanaweza yasihesabiwe.

Shule za Wakongo pale kambini hufuata mtaala wa Kongo: miaka sita ya msingi, kisha la saba na la nane, ndipo humanités za miaka minne. Kama mwanao aliondoka akiwa la saba au la nane, lala usingizi. Kama alikuwa ameingia mwaka wa kwanza wa humanités, hata kwa miezi michache, kuna kazi ya kufanya na ifanyike mwaka huu, si mwakani. Wasomaji wa Kenya, kwenu Form One ya mfumo wa 8-4-4 ni mwaka wa tisa wa shule. Na wa Tanzania msikisie, ulizeni.

Msifiche. Nimeona familia iliyoandika kitu kimoja kwenye fomu za wakimbizi, kingine shuleni, na cha tatu kwa chuo, na fujo iliyotokea ilimla kijana msimu mzima. NCAA itataka matokeo yote kuanzia darasa la tisa, katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Karatasi zikiwa zimebaki kambini au zimeungua, chuo kinachomtaka kinaweza kumwombea msamaha kwa maelezo na ushahidi, nao hutolewa, ila huchukua muda. Vilevile angalieni tarehe ya kuzaliwa. Nusu ya watu wetu waliopita kambini wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kalamu ya karani. Kila jimbo lina kikomo cha umri kwa mchezo wa sekondari, na miezi michache ya karani huyo inaweza kumnyima mtoto msimu wa darasa la 12, ule ambao makocha wanautazama zaidi.

Masomo yenyewe ni haya: Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu kuanzia Aljebra ya kwanza, sayansi miwili, mwaka mmoja wa ziada katika mojawapo ya hayo matatu, masomo ya jamii miwili, na mengine manne yanayokubalika, lugha ya kigeni ikiwemo. Wastani unaotakiwa kwa vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, vile vikubwa kimichezo, ni 2.3 kati ya 4, na unahesabiwa kwa masomo hayo 16 tu. A ya mazoezi ya viungo haisaidii kitu. Kumi kati yake lazima yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12, na saba kati ya hayo kumi yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Alama za hayo hufungwa hapo hapo. Hawezi kurudia somo mwaka wa mwisho ili apandishe. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, Mama, na mnada wa mwanao ni kiangazi hiki, si Desemba.

Jambo jingine linalowaumiza wetu ni madarasa ya Kiingereza kwa wageni. Mengi hayamo kwenye orodha ya masomo yaliyokubaliwa na NCAA. Kijana anakuja na miaka mitatu ya "Kiingereza" kwenye transkripti, yaani karatasi ya masomo na alama zake, tukifungua faili tunakuta mmoja. Kila sekondari ina orodha yake, na kaunsela wa shule anaweza kuifungua mbele yako kwa dakika mbili. Mwombe aweke transkripti upande mmoja na orodha upande mwingine, kisha ahesabu kwa kalamu. Pale palipo na pengo, kuna masomo ya kiangazi. Kama watoto wako wanapata chakula cha bure shuleni, ada ya kujiandikisha NCAA inaweza kusamehewa, naye kaunsela ndiye anayethibitisha.

Mtihani wa kuingilia chuo, SAT au ACT, NCAA haiudai tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Na kama wastani ukiangukia kati ya 2.0 na 2.3, si mwisho wa safari: anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi muhula wa kwanza, ila hachezi mechi mwaka huo. Kwa mtu wa safu ya mbele ambaye huenda angekaa nje mwaka huo hata hivyo, hasara si kubwa kama inavyosikika. Ikishindikana kabisa, Iowa Western pale Council Bluffs ni chuo cha miaka miwili kilichotwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya aina hiyo 2012, 2022 na 2023, na makocha wa vyuo vikubwa wanaijua njia ya kwenda huko.

Sasa pesa. Baba hajakosea. Watu wanaofanya kazi ya usiku kwenye baridi hawana haja ya kuhubiriwa kwamba pesa si kila kitu. Tangu 1 Julai 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa na watu wa nje kwa kutumia jina na sura yake. Huo ndio mpango wa NIL unaousikia. Tangu 1 Julai 2025, baada ya suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama mwezi mmoja kabla, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo kisizidi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yake yote. Futiboli huchukua fungu kubwa. Ndani ya futiboli, kwotabeki ndiye mwenye sahani kubwa, lakini wa pembeni wa safu ya mbele hawako mbali sana nyuma. Mikataba ya watu wa nje inayofikia dola 600 au zaidi sharti itangazwe na kukaguliwa, na inaweza kukataliwa.

Kwa hiyo mtu akikutajia kiasi, uliza kinatoka wapi. Kinatoka chuoni, au kwa mfanyabiashara anayeipenda timu? Ni cha mwaka mmoja? Kinalipwa kwa mwezi? Akivunjika goti Septemba, kinaendelea? Akihama, atadaiwa arudishe? Kocha akifukuzwa je? Yaliyoandikwa mkataba yalinganisheni. Yaliyosemwa barabarani kuelekea uwanja wa ndege yasahauni. Na kabla ya yote hayo, hakikisheni ufadhili wenyewe ni kamili na ni wa miaka mingapi: ada, malazi, chakula, vitabu, na kile kiasi cha matumizi ya kawaida. Huo ndio msingi, hizo nyingine ni juu yake.

Pesa hizi zina kodi, na hakuna anayezikata kabla. Kijana anayelipwa dola elfu kadhaa kwa mwezi bila kuweka akiba ya kodi atakutana na serikali mwezi Aprili akiwa ameshanunua gari. Tena, kama familia inapata msaada wa chakula, bima ya afya ya serikali au nyumba ya bei nafuu, mapato yake yanaweza kuingizwa kwenye hesabu ya nyumba. Ulizeni kabla hundi ya kwanza haijafika.

Upande wa uhamiaji nyinyi mna nafuu: aliyeingia kama mkimbizi ana haki ya kufanya kazi, hivyo kulipwa si kosa. Ila mambo ya uhamiaji siku hizi yanabadilika haraka, basi ongeeni na shirika lililowapokea au wakili kuhusu green card yake kabla ya kusaini popote. Wale mnaosoma huku watoto wenu wakiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, hali yenu ni nyingine kabisa. Ufadhili wa masomo ni halali, lakini kulipwa kwa kutangaza bidhaa kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyoruhusiwa na kumgharimu viza. Huko msisogee bila wakili wa uhamiaji, hata chuo kikisema hakuna shida.

Nije kwa kijana wa kanisani. Sitasema ni mtu mbaya. Nitakusimulia habari ya Gervon Dexter, mtu wa safu ya ulinzi aliyechezea Florida. Mwaka 2022 alisaini mkataba na kampuni iliyompa dola 436,485. Badala yake alikubali kuwapa asilimia 15 ya mapato yake ya NFL, kabla ya kodi, kwa miaka 25. Mwaka uliofuata Chicago Bears wakamchagua raundi ya pili, naye akaenda mahakamani kuupinga mkataba huo. Dexter alikuwa mtu mzima, yuko chuo kikubwa, na bado alisaini. Mwanao ana miaka 17 na saini itakuwa yako.

Mwambie kijana huyo akuachie nakala, na kwamba itasomwa na wakili. Mtu mwema atakubali. Ukiona humo neno lolote linalogusa mapato ya NFL, au muda usio na mwisho, au kwamba hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwakilisha, rudisha karatasi kwa heshima. Kwa sasa mtoto huyu hahitaji wakala, anahitaji kaunsela. Tena katika kipindi hiki msipokee zawadi ya mtu yeyote anayehusiana na chuo: kodi ya nyumba, gari, kazi ya baba, hata nauli ya harusi. Katika desturi yetu ni wema, katika vitabu vya NCAA ni hongo ya kumvutia mchezaji, na anayelipa ni mtoto. Kama anataka kulipwa kwa jina lake akiwa bado sekondari, kila jimbo lina kanuni zake. Mkurugenzi wa michezo wa shule yake awajibu kwa maandishi.

Kuna kitu hukukiandika lakini nakihisi: nani anatafsiri? Nadhani ni yeye mwenyewe. Kocha anasema, mtoto anakutafsiria, unajibu, mtoto anatafsiri tena. Mama, mtoto wa miaka 17 anayetaka sana kwenda mahali fulani si mkalimani. Hatakudanganya, ila yale magumu yatapita haraka mdomoni mwake. Omba mkalimani wa Kiswahili. Mwambie kocha hivyo kabla ya ziara. Chuo chenye ndege ya kukodi hakikosi mkalimani wa saa mbili kwa simu. Mtakapofika huko, achana na chumba cha makombe. Tafuta wachezaji wa safu ya mbele wa mwaka wa tatu, mbali na makocha, na uwaulize ni wangapi walioingia nao wamebaki, na nani huwapeleka hospitali wakiumia. Uliza kocha wa safu ya mbele ana miaka mingapi hapo na alitoka wapi. Muulize mshauri wa masomo, si kocha, mwanao atasoma nini hasa.

Hospitali nimeitaja makusudi. Huu ni mchezo wa kugongana, na wa safu ya mbele hugongana karibu kila mara mpira unapotolewa, mara nyingi kwa kichwa. Madhara ya ubongo yanayotokana na kugongwagongwa kwa miaka mingi yamethibitishwa kwa wachezaji wa zamani. Tena paundi 300 ni mzigo kwa goti na kwa moyo. Sikwambii umkataze. Nakwambia uulize kuhusu matibabu kama unavyouliza kuhusu pesa: tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kugharimia majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Vingine hutoa zaidi. Wakuonyeshe palipoandikwa.

Mwisho, adabu. Wale watu wazima wanalipwa, wengine mamilioni, kusubiri majibu ya vijana wa miaka 17. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Utovu wa adabu ungekuwa kuwaacha wanane hewani baada ya kuchagua mmoja. Kila kocha aliyempa ofa ya kweli apigiwe simu na mwanao mwenyewe, si ujumbe wa maandishi, na si wewe wala baba. Maneno machache yanatosha: asante kocha, nimeamua kwenda kwingine, nakutakia heri. Usimruhusu aeleze sababu, kwa sababu kila sababu watakuwa na jibu lake. Wengi watamshukuru. Mmoja au wawili watakata simu. Na kama mmoja wao ni mjanja, atasema, "Sawa, namba yangu unayo," maana anajua potali ya uhamisho, orodha wanamojiandikisha wachezaji wanaotaka kuhama chuo, hufunguliwa kila mwaka, na vijana wa paundi 295 wenye miguu myepesi huwa hawasahauliki.

Ukishaonana na kaunsela, niandikie alama zake za darasa la tisa na la kumi, na mwezi aliotoka kambini. Hapo nitakwambia saa yake inasomaje.